Damu Niliyoipa Hukumu Nikasahau Kuitafutia Dawa

Amani ya Mungu iwashukie, ndugu zangu! Sifa zote ni zake Yeye aliyenirudisha kwenye mkeka huu nikiwa nimekaa mwenyewe, sikuegemezwa na mtu!

Wengi wenu mwanijua. Kwa wageni waliotoka Pate na Faza, mimi ni Bi Rukia wa hapa Siyu. Skuli nilisoma madarasa matatu nikatolewa nilee wadogo zangu. Chuoni, kwa Kurani, nilikaa mpaka nikahitimu, na sasa ni zaidi ya miaka thelathini nawafundisha wanawake darsa ya tohara, usafi wa ibada, na sala, kila Alhamisi baada ya adhuhuri, katika ukumbi huu wa nyumba yangu. Leo sitafungua kitabu. Leo nasoma karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Nimeandika kwa sababu nikisema bila karatasi nitayaruka yale ya aibu, na yale ya aibu ndiyo yaliyonileta. Anayetaka kulia alie baadaye. Anayetaka kucheka acheke, maana wifi yangu Esha yumo ndani ya habari hii, na alipo Esha hapakosi kicheko.

Ndugu zangu, miaka mitatu nyuma nilipata saratani ya mlango wa kizazi. Hilo mlilijua kwa minong'ono, mimi sikuwaambia. Nilisema nakwenda Mombasa kumwangalia mwanangu. Kumbe nilikwenda kupigwa mionzi, wiki baada ya wiki, nalala juu ya meza baridi na lile dude kubwa linanizunguka kama linanitafuta makosa. Mionzi haiumi wakati ule. Baadaye ndiyo huja uchovu, tumbo kuharisha, na mkojo kuchoma. Nilistahimili. Siku ya mwisho daktari wa mionzi, mwanamke mpole, alinishika mkono akaniambia, "Bi, umemaliza vizuri. Lakini ukiona damu tena, hata tone moja, hata baada ya miaka, usikae nayo. Rudi."

Nikamwambia inshallah, kama mtu anavyomwambia muuza samaki kwamba atapita kesho.

Nikarudi Siyu. Alhamdulillahi, nilipata afya! Nilirudi shambani kwa migomba yangu na mihogo yangu, nilirudi kudarizi kofia, nilirudi kwenye darsa. Wajukuu walisema nimerudi mkali kuliko nilivyokwenda. Niliona vyema. Mgonjwa akirudi mpole watu huanza kumwandalia sanda.

Basi mwezi wa Shaaban, mwaka huu, nikaona damu.

Tone moja kwenye nguo. Siku ya pili matone mawili. Mimi ni mwanamke niliyeacha kuona damu zamani sana, kabla baadhi yenu mlio hapa hamjaolewa. Moyo wangu ulijua. Uliniambia, Rukia, panda chombo uende Mombasa. Lakini ndugu zangu, nitasema kweli mbele ya Mungu na mbele yenu: niliogopa! Niliogopa kuambiwa yule mgeni amerudi. Na mtu kama mimi hakubali kwamba anaogopa. Hujitafutia kazi ya kufanya. Mimi nikafungua kitabu.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili asiyesoma hawezi kulifanya!

Nilihesabu siku, kama ninavyowafundisha. Zikafika kumi na tano na damu ikawa ingalipo. Nikasema, basi, hii si hedhi, hii ni istihadha. Na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anajua hukumu ya istihadha: ni damu ya maradhi, haimzuii mwanamke kuswali wala kufunga. Ajioshe, ajifunge kitambaa kwa nguvu, wakati wa sala ukiingia atie udhu, aswali. Sala ijayo arudie vivyo hivyo. Nikafunga kitabu. Nikahisi utulivu mkubwa, ndugu zangu! Nikaona jambo limekwisha.

Hukumu ile ni sahihi. Ilikuwa sahihi jana, itakuwa sahihi kesho, na asitoke mtu hapa akasema Bi Rukia ameikana. Mimi ndiye niliyeitumia vibaya. Niliifanya mto wa kulalia. Nilikuwa kama mtu aliyeona moshi jikoni, akasema "ule ni moshi," akarudi kitandani. Miaka yote hiyo natamka kwa ulimi wangu "damu ya maradhi, damu ya maradhi," na sikujisikia nikisema maradhi!

Ramadhani nikaifunga yote. Kila sala naosha, nafunga, natia udhu. Nguo nikizianika ghalani, juu ya magunia ya mihogo mikavu, zisionekane na mtu. Damu mara yaja, mara yakatika siku tatu, nashukuru, mara yarudi imepata nguvu. Masikio yakaanza kuvuma. Ngazi ya dari yangu ina vidato kumi na viwili. Nikawa nasimama kidato cha tano, najifanya natazama kitu dirishani.

Sasa aingie Esha. Esha ni dada wa marehemu mume wangu. Twaishi nyumba moja, yeye upande wa kibla, mimi upande wa mlangoni, na hatujapata kukubaliana hata juu ya chumvi. Siku ya Idi alinitazama usoni mpaka nikakereka.

"Wifi, mbona umekuwa rangi ya samli?"

"Ni uzee."

"Mimi nimekutangulia kuzaliwa miaka miwili na sijapauka."

"Wewe hufanyi kazi."

Akanyamaza. Esha akinyamaza ujue ana jambo. Lakini mimi nilifurahi kwamba nimemshinda.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa hapa hapa, darsa imejaa. Somo lilikuwa ni hilo hilo la damu. Nimefundisha, nimeuliza, wamejibu. Mara Mwanaidi akainua mkono. Mwanaidi mwamjua, mke wa fundi wa milango, mwanafunzi wangu tangu hajavunja ungo, mtu wa haya, haulizi kitu.

"Mwalimu, ikiwa kuna mwanamke mmoja, mtu mzima, damu hiyo yamtoka, na ameshajua kuwa ni istihadha…"

"Ajioshe, ajifunge, atie udhu, aswali. Husikilizi?"

"Nimesikia, Mwalimu. Nauliza, na damu yenyewe? Ataifanyaje ikome?"

Ndugu zangu, nilisikia joto likipanda kutoka miguuni. Kama amenivua nguo mbele ya watu! Nikamwambia, na mlisikia nyote, "Swali hilo halimo kitabuni! Hapa twasoma dini. Mwenye kutaka habari za dawa aende zahanati kwa yule sista wa bara. Toka, na usirudi mpaka ujifunze adabu!" Akakusanya buibui lake akatoka, macho chini. Na hakuna hata mmoja wenu aliyemtetea. Mliniogopa. Naliona jambo hilo sasa, na silipendi.

Huyo sista naye naomba radhi kwake. Sista Mueni, muuguzi wa zahanati yetu, Mkamba, Mkristo. Mwaka jana alikuja mlangoni kwangu, amejifunga mtandio kwa heshima, akaniomba nusu saa tu azungumze na wanawake wa darsa juu ya maradhi ya kizazi. Nikamjibu kwamba hapa si mahali pake. Na mimi nilikuwa nimepona maradhi hayo hayo! Nikafunga mlango, hata kahawa sikumpa.

Wiki ikapita. Alhamisi ile ya pili nilikuwa nimekaa hapa nilipo sasa, nasomesha. Mwanaidi alikuwa amerudi kimyakimya, amekaa nyuma kabisa penye mlango. Nilimwona nikajifanya sikumwona. Nikataka kuinuka nichukue maji.

Sikuhisi maumivu. Nilihisi uvuguvugu tu, mwingi, kama mtungi umepinduka. Nikatazama chini. Mkeka wangu mweupe wa ukindu ulikuwa mwekundu, na wekundu unakwenda, unakwenda, unawafuata wanafunzi wangu walipokaa. Nikasema, "Ondoeni vitabu!" Hilo ndilo neno langu la mwisho kabla sijaanguka. Vitabu! Hata kufa nilitaka nife nikitoa amri.

Aliyenifikia wa kwanza ni Mwanaidi. Alivua buibui lake akanifunga nalo, akaniweka kichwa pajani, akapiga simu. Sista Mueni alikuja mbio kutoka zahanati, na huyu niliyemfungia mlango akapiga magoti ndani ya damu yangu, akaagiza maji ya moto, shuka safi na watu wa kubeba. Akanitilia vitambaa ndani kwa nguvu za mtu anayeziba chombo kinachovuja. Akasema, "Bi Rukia, nisamehe, nitakuumiza."

Wanaume wakaletwa. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vya hapa Siyu vimekaa juu ya tope, ikawa lazima twende mpaka gati ya Mtangawanda. Basi katika haraka ile, mtu mmoja, silitaji jina lake, akakimbia msikitini akaja na jeneza, eti ndilo lenye mikono ya kushika vizuri. Niliona kama ndotoni. Esha akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Rudisha!"

"Lakini Bi Esha, ni la kubebea tu…"

"Rudisha! Wifi yangu huyu angali ana ulimi, na jeneza halibebi mwenye ulimi. Ukimtia humo atakufundisha hukumu ya jeneza ndia nzima mpaka Mtangawanda!"

Watu walicheka, ndugu zangu, huku wanalia. Nikabebwa na kitanda changu hivi hivi, kikapakiwa juu ya gari dogo lililokuwa limeleta saruji, Sista Mueni upande mmoja, Esha upande mmoja. Tukapanda boti, tukafika Amu, Lamu mjini. Hospitali ya Amu wakanitia damu mifuko miwili, wakanikaza vitambaa upya. Damu ile sijui ni ya nani. Ya mwalimu, ya askari, ya mvuvi, ya Mwislamu au ya Mkristo, sijui. Imo ndani yangu sasa, yaswali nami. Kila nikitoa salamu namwombea mwenyewe aliyeitoa.

Asubuhi wakatuvusha bahari mpaka Mokowe, bara, tukatiwa kwenye gari la wagonjwa mpaka Mombasa, hospitali kubwa.

Huko muuguzi kijana akaniambia, "Shosho, geuka hivi." Nikamwambia, "Mimi si shosho wako, si nyanya yako. Mimi ni Bi Rukia." Esha akamnong'oneza, "Shukuru. Leo ndiyo sauti yake imerudi."

Wakanipiga picha za ndani. Baadaye akaja daktari, mwanamume wa bara, mrefu, sauti yake ya chini. Akavuta kiti akakaa, macho yake yakawa sawa na yangu. Nilikwisha kujipanga kusikia neno "imerudi." Nilishasoma shahada moyoni. Yeye akaniuliza:

"Bi Rukia, una shamba?"

"Ninalo. Migomba na mihogo."

"Unamwagilia kwa mpira?"

"Nina mpira wa kutoka kisimani."

"Ukikaa juani miaka, unakuwaje?"

"Hukakamaa. Hupasuka."

"Ukipasuka mahali pamoja, unautupa wote?"

"Siutupi! Naziba palipopasuka."

"Basi," akasema, "ndiyo habari yako."

Akanieleza kwa utaratibu. Mionzi ile iliiua saratani. Ameitafuta kwenye picha, hakuiona. Ndugu zangu, hapo nilishika ukingo wa kitanda! Lakini mionzi haichagui sana, ilipita pia kwenye mishipa ya damu iliyo jirani, ile inayopiga kwa nguvu kutoka moyoni, ikaikausha kuta zake. Mshipa mmoja mdogo umetoboka. Ndio unaovuja tangu Shaaban, na sasa umefunguka. Akasema kunipasua tumbo anaogopa, maana nyama iliyopigwa mionzi ikishonwa hukataa kushikana. Ataingia kwa ndani ya mshipa wenyewe, kwa mpira mwembamba, afuate njia yake mpaka penye tundu, azibe.

"Utaingilia wapi?"

"Kwenye kinena. Tundu dogo la sindano."

Nikasema, "Nileteeni daktari mwanamke."

"Wa kazi hii, leo, ni mimi tu, Bi. Na hatuna muda mwingi."

Nikageuza uso ukutani. Msinicheke. Mimi tangu nifiwe na mume wangu hajaniona hivyo mwanamume yeyote, na nilikuwa nimekwisha kusema moyoni, heri nife na sitara yangu. Esha akaja upande wa ukuta, akainama, akaniangalia kwa yale mato yake makali.

"Rukia. Miaka thelathini watwambia kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ilikuwa dharura ya watu wengine?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Na huyo daktari ameona mapaja ya wazee mengi kuliko nazi ulizokuna wewe. Yako hayana jipya!"

Yule muuguzi kijana akatoka nje mbio, nikasikia anacheka ukumbini. Mimi nikasema, "Haya." Neno moja. Lakini nawaambia, lilikuwa zito kuliko kitanda kilichonibeba!

Wakanifunika shuka za kijani kutoka kifuani mpaka vidoleni, pakabaki pa kuonekana pana kama kisahani cha kahawa. Muuguzi mwanamke akakaa karibu na kichwa changu akanishika bega. Hawakunilaza usingizi. Sindano ya ganzi ikachoma, kisha sikuona kitu ila mkandamizo. Juu ya meza kulikuwa na kioo kama televisheni. Daktari akasema, "Bi Rukia, sasa utasikia joto, ni dawa ya kuonyesha njia. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea." Na kweli! Joto likanimwagikia nyonga nzima. Kioo kikawaka, nami nikaiona mishipa yangu, myeusi, imetawanyika kama mizizi ya mkoko maji yakikupwa. Na mwisho wa mzizi mmoja, pana kiwingu kidogo, kama tone la wino ndani ya bilauri, kinakua kila moyo ukipiga.

"Ndicho hicho?" nikauliza.

"Ndicho hicho."

Kitu kile kidogo! Nilikificha ghalani, nikakifunga vitambaa, nikakipa jina la Kiarabu, nikamfukuza mtu kwa ajili yake. Na kilikuwa kidogo vile, kinanimaliza tone kwa tone.

Akausogeza ule mpira kwenye kioo, mwembamba kuliko unyasi, ukakata kona, ukakata kona nyingine. Nimedarizi kofia miaka hamsini, naujua mkono unaojua kazi. Mkono ule ulijua kazi. Alipofika akasukuma vipande vya waya, vyembamba kama uzi, vikitoka vyajikunja vyenyewe kama kamba ikiwekwa chini. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Joto likaja tena, mizizi ikaonekana tena, na pale mwisho wa ule mmoja hapakuwa na kiwingu. Palikuwa peupe!

"Tazama, Bi."

Nilikuwa natazama. Nikasema Allahu akbar, kwa sauti, na yule daktari akasema amina. Kila mtu kwa lake, na Mungu alitusikia sote.

Siwadanganyi kwamba ilikuwa raha tupu. Siku mbili tumbo lilinikata, homa ikanishika, wakasema ndivyo ilivyo, wakanipa dawa. Na saa zile za kwanza niliamriwa nilale chali, mguu umenyooka, nisiinue hata kichwa. Wakati wa alasiri ukaingia nami nimelala kama ubao. Mimi niliyewafundisha namna ya kuswali mgonjwa, nikaswali kwa ishara ya macho. Sijapata kuswali sala kama ile. Sikuwa na mkeka, wala rukuu, wala mtu wa kumsahihisha. Nilikuwa mimi na Mola wangu na dari ya hospitali.

Nilipomaliza, Esha alikuwa akimenya chungwa.

"Wifi," akasema, hakunitazama. "Swali la Mwanaidi. Nilimtuma mimi."

"Swali gani?"

"Wewe walijua swali gani. Niliziona nguo zako ghalani tangu Ramadhani. Mimi ningekuuliza, ungeniambia sifanyi kazi. Nikasema, aulize mwanafunzi, aulize kama mas-ala ya dini, ya 'mwanamke mmoja.' Kwa ndia hiyo Rukia hawezi kukimbia, ni mwalimu, lazima ajibu." Akanitia kipande cha chungwa mdomoni. "Kumbe waweza kukimbia umekaa!"

Ndugu zangu, hiyo ndiyo desturi yetu. Tukimwona mkubwa amekosea hatumwambii. Twamuuliza juu ya mtu mmoja, asiye na jina, naye mkubwa mwenye busara hujitambua. Wanawake wawili walikuwa wamenirushia kamba kwa adabu zote za nyumba hii, nami niliikata kwa ulimi! Nililia siku ile. Esha alinifuta kwa ncha ya leso yake yenye maji ya chungwa, nikawashwa macho, tukagombana, nikajua kwamba nitaishi.

Nimerudi mwezi wa pili sasa. Damu haijaonekana, hata tone! Vidato kumi na viwili napanda bila kusimama dirishani. Daktari hakuniahidi mambo ya milele. Amesema mishipa mingine nayo imepita kwenye mionzi, na ikitokea tena nirudi upesi, ipo njia. Mara hii nimemjibu inshallah ya kweli.

Mwanaidi, mwanangu, simama wakuone. Mbele ya hawa walionisikia nikikufukuza, nakuomba radhi. Swali lako lilikuwa ndilo somo. Keti. Kuanzia leo wewe ndiye utakayesomesha mlango wa damu, na mimi nitakaa hapo penye mlango nisikilize, na ukikosea sitasema kitu mpaka watu watoke.

Na somo lenyewe litasomwa hivi: ajioshe, ajifunge, atie udhu, aswali, kisha aende akapimwe. Hilo la mwisho mimi sikulitunga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamuru tujitibu. Mimi ndiye niliyeliacha likae ukurasa mwingine.

Ndugu zangu, mwaminini Mungu! Mwaminini kuliko mnavyoiogopa aibu. Yeye aliyeiteremsha hukumu ndiye aliyeuongoza mkono wa yule daktari ndani ya mizizi yangu. Hamjui atamtuma nani kwenu. Kwangu mimi alimtuma mwanafunzi wa haya, Mkamba niliyemnyima kahawa, na wifi asiyefanya kazi!

Sasa sikilizeni, hili ni la mwisho na ni amri. Najua humu ndani yupo anayeanika nguo ghalani. Simjui ni nani, wala sitaki kumjua. Sitaki mtu ainue mkono. Leo mlango huu wa mbele nimeufunga, ufunguo uko kifuani kwa Esha. Mtatokea nyuma, kwa kupitia chumba changu cha ndani, mmoja mmoja, nyote, wazee kwa wasichana, mwenye lake na asiye na lake. Pazia limeteremshwa. Ndani amekaa Sista Mueni, na kahawa nimempa mimi mwenyewe. Kila mtu atakaa humo muda wa kunywa kikombe kimoja, ili wa nje asijue nani amesema na nani amekunywa tu.

Mimi natangulia, niwaonyeshe kwamba hakuumi.

Esha, shika karatasi hii. Haya, Bismillahi, jipangeni.